Jirani Amfundishe Jirani



Wapendwa wasikilizaji, katika vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele wako wavuvi wanaomwona padri mara chache. Wengine huuliza: Padri akiwa mbali, nani atawafundisha majirani wasiomjua Mungu? Habari za Wakristu wa kwanza wa Uganda zatupa jibu.

Mapadri Weupe walifika Uganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 waliondoka kwa sababu ya hatari, wakaenda kusini ya ziwa Victoria, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa miaka karibu mitatu hapakuwa na Misa wala wa kuungamisha. Wengi wangalidhani kwamba imani itakauka kama mche usiotiwa maji. Lakini haikukauka, bali iliongezeka.

Huko Mityana, Matia Mulumba na rafiki yake Luka Banabakintu, waliobatizwa mwaka 1882, waliwakusanya watu nyumbani, wakasali pamoja na kufundishana. Kati ya wanafunzi wao alikuwako Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Naye alipokwisha kujifunza, akawafundisha wengine. Ndugu yake wa kike, Munaku, akaifuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristu wengi. Matia alikatwa mikono na miguu. Noe alichomwa mkuki tarehe 31 Mei. Munaku alijitokeza mwenyewe mbele ya wauaji, akakiri kuwa yeye pia ni mfuasi wa Kristu. Wakamchukua mateka, na baadaye Mapadri wakamkomboa. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Matia, Luka, Noe na wenzao, jumla 22, kuwa watakatifu.

Ndugu, Noe hakungoja umati wala cheo. Alianza na watu wa nyumba yake. Mvuvi mwema akipata samaki humgawia jirani. Je, tutamnyima Habari Njema? Lakini jirani hutazama kwanza mwenendo wetu: kama twapunja sokoni, kama twapiga wake zetu, hatasikia maneno yetu.

Swali: Nani apaswa kuwajulisha wengine imani?
Jibu: Kila Mkristu aliyebatizwa, kwa mwenendo wake, kwa maneno yake na kwa sala zake.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.