Kabla ya Forodhani kuwa bustani

Ukishuka boti ya Dar es Salaam pale Malindi, Unguja, ukaifuata barabara ya pwani kuelekea kusini, huchelewi kufika Forodhani. Watembezaji wengi huwaleta wageni hapa magharibi imeshaingia, wakati wa mishikaki na pweza. Mimi nawaomba wawalete saa kumi, kungali na mwanga, maana ardhi hii ina mengi ya kusimulia kabla ya chakula.

Katika karne ya 19 hapa ndipo ilipokuwa forodha ya Zanzibar. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamia Unguja kutoka Muscat, hakuwa na maofisa wake wa kukusanya ushuru. Aliikodisha kazi hiyo kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa miaka mingi ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka; kilichozidi kilikuwa chake. Karafuu zilipita hapa, zikapita pembe za ndovu na sandarusi kutoka bara. Wakapita na binadamu. Mtumwa aliyeletwa kwa jahazi kutoka Kilwa alitozwa ushuru kwa kichwa, kama mzigo, mpaka mkataba wa Juni 1873, enzi za Sultani Barghash, ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko. Kila mgeni hupelekwa Mkunazini lilipokuwa soko hilo. Ni haki aambiwe pia kwamba kabla ya soko kulikuwa na ufukwe, na ufukwe wenyewe ndio huu anaokalia akinywa juisi ya miwa.

Barghash huyo ndiye aliyejenga hapa jirani kasri la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alipokataa kuachia kasri, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, iliyokuwa jirani, ikabomoka. Beit al-Ajaib ikasalimika. Mnara wa saa uliozoeleka kwenye picha zake uliongezwa baada ya vita hivyo. Desemba 25, 2020 mnara huo ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya jengo, na watu wakapoteza maisha. Inauma kuona nyumba iliyovumilia mizinga ikaangushwa na uchakavu.

Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, forodha ikapoteza kazi. Mwaka 1936 bustani ikafunguliwa hapo kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sherehe ile ikasahaulika, watu wakabaki na bustani yao. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni.

Ng'ambo ya barabara iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ingia, keti kidogo kwenye kivuli cha kuta zake, kisha rudi ukutani kwa bahari maji yakiwa yamejaa. Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini kwa mbwembwe, huwa wameshafika. Mmoja hurudi nyuma hadi karibu na miti, hukimbia pekupeku juu ya sakafu ya mawe, hukanyaga ukingo na kupinduka hewani, huku wenzake wakimshangilia kwa majina ya utani. Hakuna tiketi. Wakazi wa mji hukaa hapo na watoto wao, na mgeni akikaa karibu nao, akauliza kwa adabu, atasimuliwa mengi yasiyoandikwa kwenye vibao.