Kwa Nini Wazee wa Bonde la Kilombero Hawakufunga Kuku

Mgeni afikapo Ifakara na kutembea katika vijiji vya bondeni huona kuku wadogo wakichakura uwanjani pasipo ua wala mlinzi, na juu yao mwewe akizunguka. Husema moyoni, "Watu hawa ni wavivu, mali yao inaliwa, nao wanatazama tu." Nataka kuonyesha kwa habari za zamani ya kuwa haukuwa uvivu, bali hesabu.

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Wazazi wake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia, kusini-mashariki, naye alivushwa bahari katika vyombo vya biashara. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta mifupa yake Unguja Ukuu, mji uliokaliwa na watu tangu miaka 1300 iliyopita na zaidi. Kutoka pwani akapanda bara mkono kwa mkono. Katika nchi ya Morogoro yuko kuku mdogo, mwepesi, mwenye miguu mifupi, ambaye wataalamu wamemwandika kwa jina la Ching'wekwe. Ukimpima na Kuchi, yule kuku mrefu wa kupiganisha, utadhani ni mtoto wake.

Sasa litazame bonde lenyewe. Mto Kilombero hupokea maji ya milima ya Udzungwa upande huu na ya vilima vya Mahenge upande ule, na wakati wa masika mbuga yote hugeuka ziwa. Wandamba na jirani zao walilima mpunga mbali na makao yao, wakajenga madungu shambani, wakakaa huko miezi mingi kulinda nafaka na ndege na nguruwe. Mtu ahamaye hivi atajengaje banda kubwa? Kuku hutiwa tengani, huchukuliwa kichwani au mtumbwini, na wakifika hufunguliwa wajitafutie mchwa, panzi na punje zilizoanguka.

Walakini maadui ni wengi. Mchana kuna mwewe na nguchiro. Usiku fungo, kanu na kicheche. Kenge huiba mayai. Tuseme mtetea ameangua vifaranga wanane. Akibakiwa na watatu au wanne, mwenyewe hushukuru. Hesabu ya wazee ilikuwa hii: hao wanne waliopotea hawakugharimu kitu, maana hawakula nafaka ya ghalani. Tena waliosalia walikuwa wana wa mama mwenye macho, ajuaye kulia mapema na kuwakimbiza kichakani, mwenye rangi ya majani makavu. Kuku mweupe huonekana na mwewe toka mbali.

Wala msidhani ya kuwa kuku waliachwa ovyo. Jua likichwa waliingizwa nyumbani, au katika kitundu kilichoinuliwa juu ya miti. Hata huko hofu haikwisha, kwa sababu ya siafu. Siafu wakiingia usiku, tundu lililofungwa barabara huwa kaburi, na asubuhi utakuta mifupa na manyoya tu. Wenye busara waliamka wakamwaga majivu ya moto.

Hesabu hiyo ya nafaka si neno dogo katika nchi hii. Katika vita vya Maji Maji, miaka ya 1905 hata 1907, majeshi ya Wadachi yalichoma ghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mtu ambaye kuku wake hawaishi bila kulishwa angewapa nini mwaka ule?

Adui aliyeivuruga hesabu ya wazee hana mabawa wala meno. Ni mdondo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, nao ukaenea Afrika ya Mashariki. Mwewe huchukua mmoja. Mdondo huchukua wa kijiji kizima. Katika miaka ya 1940 serikali iliwakusanya watu wengi wa Ulanga katika makao makubwa kwa sababu ya malale, na katika miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa vikasogeza nyumba karibu zaidi. Kuku wa jirani wakala pamoja, wakafa pamoja. Dawa ya chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia na ambayo hutengenezwa Tanzania pia, huvumilia joto kuliko chanjo za kwanza. Hudondoshwa tone moja jichoni, na kurudiwa kila miezi mitatu. Kazi ngumu, nakiri, ni kumkamata kuku asiyefungwa. Heri kuifanya alfajiri, kabla mlango wa tundu haujafunguliwa.

Siku hizi wameletwa Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, kuku wazito wenye mayai mengi. Lakini hula sana, na si hodari wa kuatamia. Kwa hiyo akina mama wengine huwawekea mitetea wa kienyeji mayai ya kuku hao wageni, nao huyaangua. Na vifaranga, ingawa baada ya miezi michache humpita mama yao kwa ukubwa, humfuata uwanjani na kukimbilia kichakani pamoja naye kivuli cha mwewe kipitapo.