Maiti Kwenye Ubeti wa Kwanza

Sisi vijana wa kalamu tuna sheria moja tunayoishika kama amri: ukimsimulia mwenzio hadithi, usimtobolee mwisho. Kutoboa ni kumwaga uhondo. Sheria hiyo naiheshimu nusu. Hiyo nusu nyingine naipinga, maana kuna nyimbo za zamani, tamu kweli kweli, ambazo zimetuficha mambo mazito kwa sababu hakuna aliyethubutu kutuambia mapema zinaishia wapi.

Kwanza pale ambapo sheria ni halali. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, kinakupa Bwana Msa na kiko chake mdomoni, akimsaka muuaji. Atakayekutajia muuaji kabla hujafika amekunyang'anya raha ya kufikiri. Mtu wa namna hiyo, bwana, mnyimeni vitabu! Mwaka huohuo Hitchcock alitoa filamu yake ya Psycho akataka majumba ya sinema yasimwingize mtu picha ikishaanza. Aliyechelewa angoje nje. Sina ugomvi naye.

Lakini wimbo si kitabu cha upelelezi. Chukua Delilah wa Tom Jones, wa mwaka 1968. Kiitikio chake hata mlevi anakidaka mara moja. Ukiusikia nusunusu utasema ni wimbo wa mapenzi, jamaa kasalitiwa na mpenzi wake, masikini. Sikiliza mpaka mwisho: huyo anayekuliza kamchoma mwanamke kisu, na msamaha anauomba kwa maiti. Kisu kimewekwa nyuma. Kinapofika, wewe msikilizaji umeshakiimba kiitikio na umeshamwonea huruma muuaji. Kule Wales maelfu ya watu waliuimba uwanjani Cardiff kwenye mechi za raga kwa miaka mingi. Mwaka 2015 chama chao cha raga kiliuondoa kwenye muziki wa mapumziko, na mwaka 2023 kikazizuia kwaya kuuimba uwanjani. Kukawa na kelele, ati ni wimbo tu. Mimi sioni kuuzima kunamfundisha mtu nini. Ningependa upigwe, ila kwanza watu waambiwe nani anakufa na nani anaua, halafu tuone nani bado anaitikia.

Hapa kwetu pwani kuna mwanamke aliyeimba hivyo miaka mingi kabla Tom Jones hajasikika. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Sisi vijana tukisikia taarabu tunajua ni mapenzi na mipasho basi. Udi ukilia tu, sikio limeshajiandaa kwa habari za mahabuba. Ndivyo wengi tunavyoupokea hata wimbo wake wa Kijiti: watu wanainuka, wanajitikisa, wanatunza.

Wanatunzia nini? Kijiti ni jina la mwanamume. Kamchukua mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, kana kwamba wanakwenda kucheza, akamrudisha maiti. Na hayo yote yamo kwenye ubeti wa kwanza! Siti katoboa mwenyewe, mchana kweupe.

Sababu moja ni rahisi. Nyimbo zake zilibeba habari za mitaani na za mahakamani, na wasikilizaji wake wa Ng'ambo kisa walikuwa wanacho tayari. Ila mimi naona kuna zaidi. Kwa Siti, kifo si mwisho wa hadithi. Akishakitua pale mwanzoni, anapata nafasi ya kumpa marehemu sauti, ajutie kule kukubali kutoka na Kijiti. Anatwambia kulikuwa na mtoto tumboni. Kisha anatuingiza mahakamani, na hapo ndipo mwili unaposisimka. Jaji anakasirika, lakini hasira inawaangukia mashahidi. Kijiti kashavuka, katoweka. Walioadhibiwa ni wanawake waliosimama kusema. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo msikilizaji wa Ng'ambo hakuhitaji kuelezwa hiyo ni haki ya nani.

Angeuficha mwisho, tungekaa tunangoja kujua kama yule mgeni atapona. Kwa kuwa tunajua hatapona, tunabaki kumtazama jaji. Shakespeare naye kafanya karibu hivyo kwenye mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao Mwalimu Nyerere alitutafsiria: Kaizari anauawa katikati, na mchezo unaobaki ni wa walio hai na wanavyoitumia maiti yake.

Wapo wenzangu wanaosema kuzisoma upya nyimbo za wazee ni kuzipaka rangi za leo. Kwa Delilah labda. Kwa Kijiti ni kinyume: ghadhabu imo tangu mwanzo, sisi ndio tuliopaka rangi ya sherehe juu yake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliuimba mpaka uzeeni kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na sijui sauti gani nyingine ingeweza kutukumbusha vizuri zaidi kwamba hapa hapana mahabuba.

Siku hizi ukipigwa kwenye shughuli namnong'oneza aliye karibu nami: huyo mgeni anauawa. Wengine hununa. Dada mmoja aliniuliza, sasa nicheze au nisicheze? Nilimwambia acheze akitaka, lakini jaji akianza kusema, anyamaze kidogo amsikie.