Redio za Mtaa Mmoja: Historia ya Utangazaji Usio na Leseni nchini Japani

Sheria ya Mawimbi ya Redio ya Japani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1950, ilizaliwa wakati nchi hiyo ilikuwa bado chini ya majeshi yaliyoishinda vitani, nayo ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1915 iliyokuwa imeweka simu ya upepo yote mikononi mwa serikali. Sheria mpya iliwaruhusu raia na makampuni kuomba leseni za kurusha mawimbi, lakini katika kifungu chake cha 4, kinachomtaka kila mwenye kituo awe na leseni, iliacha pembeni aina moja ya vyombo, yaani vile ambavyo mawimbi yake ni dhaifu mno. Waliotunga msamaha huo hawakuwa na watangazaji akilini. Walichokuwa wakikwepa ni aibu ya kumdai leseni mtoto anayeongoza ndege ya kuchezea kwa redio, au mhadhiri anayetumia kipaza sauti kisicho na waya, na kwa kuwa jambo lilionekana dogo, kiwango chenyewe kiliachiwa kanuni za wizara, ambako kilikaa kwa miongo kadhaa bila kumshughulisha mtu yeyote nje ya watengenezaji wa vifaa vya umeme.

Kiwango hicho kilikuwa maikrovolti 15 kwa mita, kikipimwa umbali wa mita 100 kutoka kwenye chombo. Maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti, na kipimo cha maikrovolti kwa mita huonyesha ukubwa wa uga wa umeme, yaani nguvu ya wimbi pale linapoifikia antena ya mpokeaji, tofauti na wati ambazo hupima nguvu inayotumika kwenye mtambo unaorusha. Tofauti hiyo ndiyo iliyobeba historia yote iliyofuata. Kanuni haikuuliza mtambo una nguvu kiasi gani wala antena yake ni ndefu kiasi gani. Iliuliza tu ni nini kilichobaki cha wimbi baada ya kusafiri mita 100, na katika mji uliojaa kuta za zege, mabati na nyaya, kinachobaki huwa kidogo hata pale ambapo kilichotoka hakikuwa kidogo sana. Redio nzuri, hasa iliyowekwa karibu na dirisha, iliweza kulinasa wimbi la aina hiyo hata kupita mpaka wa mita 100, ingawa sauti ilichanganyika na mkwaruzo kadiri umbali ulivyoongezeka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa wa Tokyo ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 11, lakini katika masafa ya FM, ambayo Japani huyapanga kuanzia megahezi 76, mkazi wa mji huo alikuwa na vituo viwili tu vya nyumbani: cha NHK, shirika la utangazaji la umma lililoanza matangazo ya kawaida ya FM mwaka 1969, na FM Tokyo, kituo cha biashara kilichofunguliwa mwaka 1970. Nchi iliyokuwa ikiuza redio duniani kote iliwapa watu wake nafasi finyu ya kusikiliza, na finyu zaidi ya kusema. Maduka ya Akihabara, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa biashara ya vifaa vya umeme, yaliuza vipuri vya kuundia mitambo midogo ya FM kwa bei ambayo mwanafunzi aliimudu, na vipaza sauti visivyo na waya vilivyotumia masafa hayohayo vilikuwa bidhaa ya kawaida.

Wazo la kuvigeuza vyombo hivyo kuwa vituo vya utangazaji lilikuja kwa njia ya Italia. Mwezi Julai 1976 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba ukiritimba wa shirika la taifa, RAI, haukuhusu matangazo ya eneo dogo, na vituo huru vikachipuka kila mji. Mashuhuri zaidi kati ya vilivyokuwa na mwelekeo wa kisiasa ni Radio Alice ya Bologna, iliyoanza mapema mwaka huohuo na kufungwa na polisi mwezi Machi 1977. Mwanafalsafa Mfaransa Félix Guattari aliandika juu ya vituo hivyo, na maandishi yake yalisomwa na Tetsuo Kogawa, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu mjini Tokyo, ambaye alitaka kitu kama hicho kitokee Japani, lakini alijua kwamba mahakama za nchi yake hazingetoa hukumu ya namna ile. Badala ya kuivunja sheria, aliisoma, na ndani yake akakuta ule msamaha wa vyombo dhaifu. Mwaka 1982 wanafunzi waliomzunguka walianzisha Radio Polybucket, na mwaka 1983 ikafuata Radio Home Run katika Shimokitazawa, mtaa wa kumbi ndogo za maigizo na muziki.

Kogawa na wenzake hawakuwa peke yao, na pengine wasingesikika sana kama wangekuwa peke yao. Mwaka huohuo wa 1982 kituo kilichoitwa KIDS kilifunguliwa Aoyama, mtaa wa mitindo na maduka ya gharama, na magazeti ya vijana yakalishika jambo hilo kwa bidii, yakieleza namna ya kuunda mtambo, namna ya kupanga muziki na namna ya kuzungumza kama mtangazaji wa kweli. Jina la "mini FM" likazoeleka, na migahawa, maduka ya nguo, mabweni na vyumba vya kupanga vikawa studio. Kwa kuwa kituo kisichohitaji leseni hakihitaji kuandikishwa pia, hapakuwa na daftari la serikali la kuvihesabu, na idadi zilizotajwa wakati huo zilikuwa makisio ya wapenzi wenyewe, ambao hawakuwa na sababu ya kuzipunguza.

Ndani ya wimbi hilo kulikuwa na shughuli mbili zilizofanana kwa vyombo na kutofautiana kwa nia. Vijana wengi walitaka kuwa FM Tokyo ndogo: walipanga ratiba, wakaiga sauti za watangazaji wakubwa, kisha wakavunjika moyo walipogundua kwamba wasikilizaji wao walikuwa marafiki waliokaa chumba cha pili. Radio Home Run ilianzia upande wa pili wa hesabu hiyo. Katika mtaa wa Tokyo wenye msongamano, duara lenye nusu kipenyo cha mita mia chache lina maelfu ya watu, na kila mmoja wao anaweza kutembea hadi kituoni kabla kipindi hakijaisha. Kogawa alishikilia kwamba ufinyu huo ndio fadhila ya redio ya namna hii, kwa sababu msikilizaji anayeweza kugonga mlango si msikilizaji tu. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haina budi kukumbukwa kwamba ilitungwa na watu ambao sheria haikuwapa duara kubwa zaidi, na kwamba mtu asiye na njia nyingine huona uzuri katika ile aliyo nayo. Hata hivyo kundi la Shimokitazawa liliendelea hadi katikati ya miaka ya 1990, muda mrefu baada ya waigaji wa vituo vikubwa kuuza mitambo yao.

Njia halali ya kufika mbali zaidi ilikuwa kuunganisha vituo: mtu aliye ukingoni mwa duara la kwanza aliweza kupokea matangazo kwa redio ya kawaida na kuyarusha upya kwa mtambo wake dhaifu katika masafa mengine, na mwingine akafanya hivyo baada yake. Njia isiyo halali ilikuwa kuongeza nguvu, na wengi waliipita kwa sababu tofauti kati ya mtambo unaokubalika na usiokubalika ilikuwa kipuri kimoja cha kukuza mawimbi. Wizara ya Posta na Mawasiliano ya Simu, iliyosimamia masafa, haikuwa na ugomvi na sheria yake yenyewe, bali iliwafuata waliozidisha, na katikati ya miaka ya 1980 polisi nao waliingia katika kazi hiyo.

Mwaka 1986 kanuni ilibadilishwa. Kwa masafa yaliyo chini ya megahezi 322, kikomo kikawa maikrovolti 500 kwa mita, kikipimwa umbali wa mita 3. Katika eneo lililo wazi uga wa wimbi hupungua kwa uwiano wa umbali, hivyo maikrovolti 500 kwenye mita 3 ni sawasawa na maikrovolti 15 kwenye mita 100, na wizara ingeweza kudai kwamba haikumnyang'anya mtu chochote. Lakini Tokyo si eneo lililo wazi. Kipimo cha mita 100 kilichukuliwa baada ya kuta kula sehemu yao, ilhali kipimo cha mita 3 huchukuliwa kabla wimbi halijakutana na kizuizi chochote, tena katika mazingira ambayo mpimaji anaweza kuyarudia kesho akapata jibu lilelile. Kwa mhandisi hayo ni maendeleo. Kwa mwenye kituo ilikuwa kupoteza ule upungufu wa mjini uliokuwa ukifanya kazi kwa faida yake. Vyombo vya zamani vilipewa muhula wa miaka 10, hadi 1996. Kikomo kipya kilikuwa bado mara mbili ya kile cha Marekani, ambako kanuni za vyombo visivyo na leseni katika masafa ya FM huruhusu maikrovolti 250 kwa mita kwa umbali huohuo wa mita 3.

Serikali ilifungua pia mlango mwingine. Mwaka 1992 ulianzishwa utaratibu wa redio jamii zenye leseni, ambazo mwanzoni ziliruhusiwa wati 1 tu, na ya kwanza, FM Iruka ya Hakodate, ilianza kutangaza mwezi Desemba mwaka huo. Leseni hizo zilihitaji kampuni au shirika lenye mtaji na mhandisi mwenye cheti, kwa hiyo zilifaa manispaa na wafanyabiashara wa mji kuliko vijana wenye transista na gundi ya risasi.

Tetemeko la ardhi la tarehe 17 Januari 1995, lililoua zaidi ya watu 6,400 katika Kobe na miji ya jirani, liliikuta hali hiyo. Kata ya Nagata, iliyoteketea kwa moto, ilikuwa makazi ya Wakorea wa vizazi kadhaa na ya Wavietinamu waliofika kama wakimbizi, wengi wao wakifanya kazi katika viwanda vya viatu, na taarifa za maji, misaada na makazi ya muda zilitolewa kwa Kijapani. Kabla mwezi haujaisha, kituo kisicho na leseni kilichoitwa FM Yoboseyo, kwa neno ambalo Wakorea hupokelea simu, kilikuwa hewani kwa Kikorea na Kijapani, kikisaidiwa na Wakorea wa Osaka waliokuwa na uzoefu wa mini FM. Mwezi Aprili kikafuata FM Yumen katika uwanja wa kanisa Katoliki la Takatori, kikitangaza kwa Kivietinamu na lugha nyingine. Katika mji ambao kumbukumbu za mwaka 1923 zilikuwa hai, pale uvumi baada ya tetemeko la Kanto, eneo la Tokyo, ulipowafanya Wakorea wauawe kwa wingi, kituo kilichosema kwa lugha mbili kilikuwa kinga kwa pande zote mbili.

Vituo hivyo viliungana katikati ya mwaka 1995 na kuitwa FM YY. Maofisa waliokuwa wakiwafuata wenye mitambo miaka 10 kabla, safari hii waliwasaidia waombaji kukamilisha makaratasi, na leseni ya redio jamii ikatoka kwa wakati wa kuwawezesha kuanza rasmi tarehe 17 Januari 1996. Mkoa wa Hyogo, ambamo Kobe imo, nao ulikuwa umepewa kituo cha muda cha maafa kwa mwezi mmoja na nusu, Februari hadi Machi 1995, na utaratibu huo wa leseni inayotolewa papo hapo ulikuja kutumiwa na manispaa takriban 30 baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011. FM YY yenyewe iliacha masafa ya FM mwaka 2016 na kuhamia kwenye intaneti. Kikomo cha maikrovolti 500 kwenye mita 3 kingali katika kanuni za Japani, na wanaokitumia leo ni viwanja vya mbio za magari, sherehe za shule, na mafundi wa burudani wanaojifunza kuunda mtambo wa transista moja kwa mchoro ambao Kogawa ameufundisha katika warsha nyingi nje ya nchi yake.