Wanyonya Damu wa Kitabuni na wa Mjini

Mwaka 2002 kampuni moja ya Marekani, Terminal Reality, ilitengeneza mchezo wa video ulioitwa BloodRayne. Shujaa wake ni Rayne, msichana ambaye mama yake ni binadamu na baba yake mnyonya damu. Hubeba mapanga mawili mikononi, hupigana na Wanazi wa miaka ya 1930, na kila nguvu zake zipunguapo humrukia adui, humnyonya damu, kisha huendelea na vita. Mwaka 2004 kampuni ya Digital Webbing iliitia hadithi hiyo katika vitabu vya michoro, na mwaka 2005 ikafanywa filamu.

Kugeuza mchezo kuwa kitabu si kazi rahisi kama idhaniwavyo. Katika mchezo mtu hushika uongozi mwenyewe, akashinda au akashindwa kwa wepesi wa vidole vyake. Katika kitabu hana la kufanya ila kufunua ukurasa. Kwa hiyo mchoraji hana budi kumpa Rayne mambo ambayo mchezo haukuyahitaji sana: mawazo, huzuni, na sababu ya kuua. Mnyonya damu asiye na sababu huchosha upesi kitabuni.

Sasa natutoke kwa Rayne tuje nyumbani. Katika mitaa ya Makadara, mashariki ya Nairobi, yaani Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Maringo, Jericho na mingineyo, kijana wa leo akitajiwa mnyonya damu humfikiria mtu mweupe kama karatasi, mwenye meno marefu na joho jeusi. Sura hiyo ilitoka Ulaya, na aliyeieneza kuliko wote ni Bram Stoker kwa kitabu chake Dracula, kilichotoka London mwaka 1897. Mwaka huo reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikisonga barani. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Lakini mji huo uliozaliwa na reli ulipata wanyonya damu wake wenyewe, wala hawakufanana hata kidogo na yule wa Stoker.

Waliitwa wazimamoto. Hawakuwa wafu waliofufuka, wala hawakuogopa jua au msalaba. Walikuwa watu wa kazi ya mshahara. Walivaa sare, waliamriwa na wakubwa wao, na walipanda magari. Yasemekana walizunguka usiku, wakamkamata mtu aliyekuwa peke yake njiani, wakamtia garini na kumpeleka kwenye shimo lililofichwa, na huko akatolewa damu kwa mipira hadi akaishiwa. Damu yenyewe hawakuinywa. Iliuzwa au ilifanywa dawa kwa faida ya wengine. Hadithi hizo zilisimuliwa Nairobi tangu siku za Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, na hasa katika Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, jirani na hiyo mitaa ya Makadara iliyojengwa baadaye.

Wala hazikuwa za Nairobi pekee. Pwani na Tanganyika watu walisema mumiani. Uganda walisema bazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, banyama, na katika Kongo mutumbula. Neno mumiani lina safari yake ndefu: asili yake ni Uajemi, lilikotumiwa kwa dawa nyeusi kama lami, iliyotiwa kwenye mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inaeleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wako waaminio kuwa imetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Ni nadra kukuta hofu ya watu wengi imehifadhiwa hivyo katika kamusi.

Kwa nini wazimamoto, na si askari polisi au matarishi? Fikiri, msomaji, jinsi watu hao walivyoonekana kwa mgeni aliyetoka kijijini juzi. Gari lao ni jekundu, na ndani yake mna mipira mirefu na pampu. Hutoka ghafula, usiku au mchana, na mtu wa mtaani haoni mara nyingi moto waliokwenda kuuzima. Hulipwa mwezi mzima, na kazi yao haijulikani. Upande mwingine palikuwa na daktari mwenye sindano, ambaye huchukua damu ya mtu na kwenda nayo asikojua mwenyewe. Mambo hayo mawili yakaungana katika maneno ya watu.

Tena hofu hiyo haikuangukia watu waliokuwa na amani. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 Waafrika walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi mno hawakurudi. Jina la Kariokor mjini Nairobi ni ukumbusho wa kikosi chao. Kisha, kuanzia mwaka 1920, mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake. Mtu aliyekwisha kuhesabiwa, kupigwa chapa ya kidole na kuamriwa aende kazini, haikumwia vigumu kuamini kwamba kilichobaki kuchukuliwa ni damu yake.

Aliyeyafanyia uchunguzi mkubwa mambo haya ni Luise White, mwanahistoria wa Marekani. Alizungumza na wazee wa Nairobi katika miaka ya 1970, wakiwamo wanawake waliopata nyumba zao wenyewe katika Pumwani, na mwaka 2000 alitoa kitabu kizima juu ya hadithi hizo. Wanawake hao walikuwa na la kuogopa: walitembea usiku, walipokea wageni wasiowajua, na mali yao haikuwa na mlinzi. Kwao hadithi ya mzimamoto ilikuwa pia maarifa ya mji: njia ipi ipitwe, mlango upi usifunguliwe.

Wako wasomao habari hizi wakacheka, wakisema ni ujinga wa watu wa zamani. Wako pia wazipokeao zote kuwa kweli tupu, kana kwamba mashimo yale yaweza kufukuliwa kesho. Mimi naona wote wawili wamesoma vibaya. Hakuna aliyethibitisha kwamba wazimamoto walinyonya damu ya mtu yeyote. Lakini waliosimulia walijua vema kabisa nani katika mji ule alikuwa na gari, nani alikuwa na ufunguo, na nani angeweza kupotea bila kuulizwa. Hapo ndipo Rayne anapopitwa. Damu anyonyayo yeye ni ya adui, na aiangaliaye anafurahi. Damu ya hadithi zetu ni ya msimulizi mwenyewe.

Hata hivyo hofu ina gharama yake, na mara nyingi hulipwa na asiyehusika. Mwezi Juni 1947, mjini Mombasa, uvumi wa wanyonya damu uliwachochea watu wengi hata wakakishambulia kituo cha zimamoto. Waliokuwamo walikuwa wamekwenda kazini kama siku nyingine. Na karibu miaka 12 baadaye, Februari 1959, gazeti la Tanganyika Standard bado lilikuwa na haja ya kuwaambia wasomaji wake kwamba wazimamoto hawanunui watu.