Rufaa Bila Haki ya Rufaa: Historia ya Vigezo vya Kugharimiwa Upasuaji kati ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi vigezo vya kustahili upasuaji wa gharama kubwa vilivyojengeka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Upasuaji wa kupunguza uzito unatumiwa kama kipimo cha hoja, kwa kuwa masharti ya bima kuugharimia yameandikwa kwa tarakimu na kurekebishwa hadharani. Hoja kuu ni kwamba pasipo bima mgonjwa hupimwa kama anayestahili, lakini hapati nafasi ya kudai. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu ya kisera.

1.0 Utangulizi

Neno rufaa lina matumizi mawili katika Kiswahili. Mahakamani, mtu hukata rufaa: hupinga uamuzi na kuomba shauri lake lisikilizwe upya na chombo cha juu. Hospitalini, mtu hupewa rufaa: hupelekwa kutoka kituo kidogo hadi chenye utaalamu zaidi. Katika matumizi ya kwanza mhusika ndiye mtendaji. Katika ya pili hutendewa. Historia ya matibabu ya rufaa kutoka Nakivale kwenda Mbarara yaweza kusomwa kama historia ya umbali uliopo kati ya maana hizo mbili.

2.0 Mwili Unaopimwa

Kupima mwili ili kuamua hadhi ya mtu si jambo geni katika ukanda huu. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, katika ikulu ya Rumanika, akakuta wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Alimpima mmoja wao kwa utepe na kuchapisha vipimo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Ankole, John Roscoe aliandika mwaka 1923 kuhusu desturi kama hiyo miongoni mwa Wahima. Kwa wenyewe, unene ulikuwa ushahidi wa wingi wa ng'ombe na heshima ya nyumba. Kwa mgeni mwenye utepe, ulikuwa ajabu ya kuandikiwa nyumbani.

Utepe ulirejea baadaye kwa kazi tofauti. Katika huduma za lishe kwenye makazi ya wakimbizi, mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko. Ukiwa chini ya sentimita 11.5, mtoto huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali na huingizwa katika matibabu. Kigezo hiki kina fadhila kubwa: ni cha haraka, ni cha bei nafuu, na mama anayesimama kando hukiona kwa macho yake. Hata hivyo, kimejenga pia taswira ya mkimbizi kuwa ni mwili uliokonda. Mtu mzima mwenye unene wa kupindukia, kisukari na shinikizo la damu hayumo katika taswira hiyo, ingawa maradhi hayo hayaulizi hadhi ya mtu kisheria.

3.0 Masharti ya Bima na Mabadiliko Yake

Upasuaji wa kupunguza uzito ulianza kuandikwa katika fasihi ya kitabibu ya Marekani katika miaka ya 1950. Mwaka 1991 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo lilipendekeza ufikiriwe kwa mgonjwa ambaye uwiano wa uzito wake kwa kilo na mraba wa urefu wake kwa mita umefikia 40, au 35 iwapo ana maradhi mazito yanayoambatana na unene. Mwaka 2006 Medicare, bima ya umma ya wazee na walemavu wa Marekani, ilikubali kuugharimia kitaifa kwa mwenye uwiano wa 35 na kuendelea, mwenye angalau ugonjwa mmoja unaoambatana na unene, na ambaye tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kumsaidia.

Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huo, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha mapendekezo hayo: 35 bila sharti la ugonjwa mwingine, na 30 kwa wenye maradhi ya umetaboli kama kisukari. Kigezo cha 1991 kilikuwa kimedumu kwa miaka 31. Katika muda huo namba iliyokusudiwa kumwongoza daktari ilikuwa imegeuka kuwa lango la mlipaji. Pamoja na dosari hiyo, namba ilikuwa imechapishwa. Mgonjwa aliyekataliwa aliweza kuisoma, kupinga hesabu na kudai apitiwe upya. Alikuwa na rufaa katika maana ya mahakamani.

4.0 Njia ya Nakivale hadi Mbarara

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadaye walifika Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa kikiwa na mafunzo ya udaktari, na hospitali ya mji huo ikawa mahali pa kufundishia. Wagonjwa wa eneo hilo, raia na wakimbizi, wakapata hospitali ya rufaa isiyohitaji safari ya Kampala.

Mwaka 2001 serikali ilifuta malipo ya wagonjwa katika vituo vya umma, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilichukua nafasi ya ile ya 1960, iliyotungwa kwa mtazamo wa udhibiti. Lakini huduma kutolewa bila malipo si sawa na huduma kuwapo: mtaalamu, kifaa na dawa vinapokosekana, gharama humrudia mgonjwa.

Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitoa mwongozo wa matibabu ya rufaa. Dharura hutangulia. Kesi nyingine hupimwa na kamati kwa kuzingatia tarajio la kupona na gharama. Mantiki yake haipaswi kubezwa. Mfuko ni mmoja na haujai. Fedha za upasuaji mmoja mkubwa zaweza kuwatibu wengi. Ila upasuaji wa kupunguza uzito unaonyesha mahali mantiki hiyo inapobana: si dharura, gharama yake huja leo, na faida yake huja polepole kwa miaka. Kwa vigezo hivyo ni vigumu utangulie, hata pale mgonjwa anapotimiza kila sharti la kitabibu.

5.0 Bima Iliyokwama

Tarehe 31 Machi 2021 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya taifa ya afya, lakini haukupata idhini ya rais. Kwa hiyo raia wa Mbarara asiye na bima binafsi na mkimbizi wa Nakivale wanakutana katika upungufu uleule: hakuna mkataba unaotaja wanachostahili. Mpango wa sekta ya afya wa 2019–2024 ulilenga kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji, lakini kuunganisha vituo bila mfuko wa pamoja hakumalizi suala la nani anamlipia nani. Rwanda ilichukua njia nyingine: mwaka 2019 ilianza kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika bima ya afya ya jamii.

Bima nayo ina mtego wake. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu: zilizo dhaifu zaidi zilipewa asilimia 60 ya mgao, za kati asilimia 30, na zilizoonekana kujitegemea ziliondolewa. Iwapo michango ya bima itapangwa kwa makundi hayohayo, kaya iliyowekwa kundi lisilo lake itapoteza chakula na tiba kwa kosa moja.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaelekeza mambo matatu. Kwanza, vigezo vya rufaa vichapishwe kwa Kiswahili na lugha nyingine za makazi, pamoja na sababu za kukataliwa. Pili, pawepo chombo cha mapitio kisichoundwa na waliotoa uamuzi wa awali, na kiwe na muda maalumu wa kujibu. Tatu, muswada wowote mpya wa bima utaje wakimbizi tangu mwanzo, na utenge uwezo wa kuchangia na vipimo vya msaada wa chakula.

Hakuna mfuko utakaomgharimia kila mtu kila upasuaji, na si lazima upasuaji wa kupunguza uzito utangulie mingine. Lakini aliyeambiwa "hapana" anadaiwa sababu, kwa lugha anayoielewa, na mahali pa kuipeleka. Hapo ndipo anayepewa rufaa atakapoweza pia kuikata.