Baitulmali na Dresa wa Kijiji

Mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alipokuwa akiisimika Tanganyika ile serikali ya wenyeji chini ya machifu na watemi wao, na kila himaya ikawa na baitulmali yake iliyotiwa fungu la kodi ya nyumba, mkuu wa idara ya tiba, Daktari Shircore, alitoa shauri ambalo kwa wepesi wake lingeweza kudharauliwa: vijana wateuliwe miongoni mwa watu wao, wapelekwe hospitali ya serikali wakafundishwe kuosha na kufunga vidonda, kutambua maradhi ya kawaida na kutoa dawa chache zisizo na hatari, kisha warejee makwao kukaa katika vibanda vya udongo na nyasi, ujira wao ukitoka katika baitulmali hiyo. Hao ndio walioitwa madresa.

Mtu asidhani kuwa hiyo ilikuwa ihsani ya dola. Fedha zile zilikuwa jasho la mkulima, zilizokwenda kwa mtoza kodi na kumrudia zimepungua; kwa insafu yatupasa kukiri kuwa mwanakijiji ndiye aliyemsomesha dresa wake. Na kwa kuwa ndiye aliyelipa, alikuwa na haki ya kumdai: dresa aliyefunga mlango mchana wa gulio, au aliyewabagua wagonjwa, alilaumiwa na watu waliomjua tangu utotoni, tena kwa lugha yao wenyewe.

Shauri hilo lilikuwa na dosari, na kubwa kupita zote ni kwamba himaya zenye kahawa, mathalan Bukoba na Kilimanjaro, zilikuwa na hazina nono, ilhali zile za nchi kavu, ambako dhiki ya maradhi haikuwa ndogo, zilikuwa na akali ya shilingi. Tena njia ya dresa iliishia pale ilipoanzia. Aliyetamani udaktari hakuwa na budi kwenda Makerere, na hata huko hati za wahitimu hazikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwaka 1957. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kuwa Tanganyika ilipata uhuru wake, 1961, ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu.

Chuo cha tiba kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Na baada ya Azimio la Arusha, katika miaka ya 1970, vijana waliomaliza shule ya msingi walifunzwa kwa wingi kuwa waganga wasaidizi wa vijijini, gharama yote ikibebwa na serikali. Hao, kwa maoni yangu, ndio warithi halali wa madresa, ingawa waliowalipa sasa walikuwa mbali. Kisha, kwa sheria ya mwaka 2004, ikaundwa Bodi ya Mikopo, na gharama ya mwanafunzi wa udaktari aliyetoka katika nyumba ya kimaskini ikageuka deni juu ya shingo yake mwenyewe, linalokatwa katika mshahara wake popote atakapoajiriwa, wala mkopo huo haumfungi kurudi kwao.